Shemegi anasema faili la marehemu mume wangu halipo

Asalam alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mjane, mkaazi wa Wete, Pemba. Nimetoka eda hivi karibuni. Marehemu mume wangu alikuwa askari wa JWTZ, cheo chake Koplo, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Tabora. Aliugua figo, akapelekwa hospitali Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia. Jeshi lilimleta kwa heshima zote, wenzake wakamzika hapa kwetu, wakanikabidhi na rambirambi waliyochangishana. Mungu awalipe.

Tabu ilianza baada ya hitma. Shemegi yangu, kaka wa marehemu, alichukua bahasha yenye cheti cha kifo, slipu za mshahara, hati yangu ya ndoa na kadi ya benki, akasema wanawake hatuwezi mambo ya maofisi. Akapanda boti Mkoani hadi Unguja. Ofisi ya kwanza aliyokwenda, ya mambo ya vikosi, waliangalia jina wakasema huyu si wetu. Akenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, vivyo hivyo. Amerudi anasema faili limepotezwa makusudi, na kwamba nitie saini karatasi ya kumpa yeye mamlaka yote ili alifuatilie "mpaka Wizara ya Ulinzi ya Zanzibar". Mama mkwe wangu analia, ananiambia nisipotia saini nawadhulumu watoto wake.

Juu ya hayo, kuna mtu hunipigia simu. Anasema yuko wizarani, faili analo mezani, nitume laki tatu alisukume. Jirani naye kanitia jengine, ati kwa kuwa mume wangu aliwahi kwenda Kongo kulinda amani, basi zipo fedha za Umoja wa Mataifa zinanisubiri.

La mwisho ni zito kulisema. Msibani nilijua kwamba mume wangu alikuwa na mke mwengine Tabora, ndoa ya msikitini, na mtoto wa kike wa miaka minne. Ndugu wa mume wanasema tunyamaze, yuko mbali, hatajua. Mimi nina watoto watatu: mwanamme mmaliza fomu foo, na wasichana wawili wanaosoma skuli. Huyo mkubwa naye ameshika moja, anataka kwenda JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, "achukue nafasi ya baba".

Nibishe mlango gani? Nitie saini? Na huyo mwenzangu wa Tabora nimfanyeje?

Mjane wa Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, na wewe akupe subira ya kubaki na watoto.

Faili halijapotea. Shemegi wako amekwenda kuliuliza mahali ambapo halijawahi kuwepo hata siku moja. Wizara ya Ulinzi ya Zanzibar haipo. Tangu Muungano wa 1964, ulinzi ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya Katiba pamoja na mambo ya nje na uraia. Kwa hiyo wizara ni moja kwa nchi nzima, jina lake Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na makao yake Dodoma. Wazee wa Unguja wanakumbuka kwamba baada ya Mapinduzi tulikuwa na jeshi letu wenyewe, lakini hilo liliingizwa katika JWTZ, jeshi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964.

Sasa kwa nini watu wengi wanachanganyikiwa? Kwa sababu hapa kwetu sare ni nyingi. Ukisimama Chake asubuhi moja utamwona mtu wa KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), wa JKU, wa Chuo cha Mafunzo (magereza yetu), wa Zimamoto na wa Valantia, na wote mtaani tunawaita "askari". Hao ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo zimetajwa kwenye kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Wako chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa, Serikali za Mitaa na Idara Maalum, mshahara wao unatoka SMZ, na mafao yao ya uzeeni yako Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1998. Ofisi alizokwenda shemegi wako ni zao. Wale makarani waliomwambia "huyu si wetu" walisema kweli tupu, na ningependa wangemwongezea sentensi moja tu ya kumwelekeza aende wapi.

JKU na JKT ndio wanaowachanganya watu zaidi, kwani majina yanafanana na kazi inafanana: vijana, jembe, kwata. Lakini JKT, iliyoanza Julai 1963, iko chini ya Wizara ya Ulinzi, na JKU ni ya Zanzibar. Na polisi, kwa kuwa najua kuna msomaji atauliza, nao ni wa Muungano ila wizara yao ni Mambo ya Ndani.

Toa slipu moja ya mshahara kwenye ile bahasha uisome juu kabisa. Jina la mwajiri lililoandikwa pale ndilo linalokwambia haki zake zinadaiwa wapi. Halafu tafuta namba ya jeshi. Askari wa cheo cha mumeo namba yake huanza na herufi MT, maofisa huanza na P. Iandike mahala pawili, na moja umpe mwanao aiweke. Bila ya namba hiyo utakuwa unaeleza sifa za marehemu tu, na wa jina lake jeshini huenda wakawa kumi.

Wizara yenyewe imepangwa hivi, na nakueleza kwa sababu faili lako litapita humo. Juu yuko Rais wa Jamhuri ya Muungano, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Kuna upande wa kiraia, Waziri na Katibu Mkuu, wanaoshika sera na fedha. Kuna upande wa sare, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi na msaidizi wake Mnadhimu Mkuu, na chini yao kamandi za nchi kavu, anga na wanamaji, kisha brigedi, kisha vikosi. Mambo ya watu, yaani nani kaajiriwa, kapandishwa, kastaafu au kafariki, yako Makao Makuu ya Jeshi kwenye tawi la utumishi. Mumeo anaanzia chini: kikosi chake cha Tabora ndicho kinachotoa taarifa ya kifo na kuandaa makaratasi, yanakwenda Makao Makuu, yanafika wizarani, na malipo yenyewe yanatoka Hazina. Pensheni za wanajeshi hulipwa na Hazina. Hazimo ZSSF, na hazimo kwenye ule mfuko wa watumishi wa umma wa Bara, PSSSF, uliounganisha mifuko ya zamani mwaka 2018. Kiasi hutegemea cheo, mshahara na miaka aliyotumikia, kwa hiyo yeyote anayekutajia tarakimu barazani anakisia.

Huna haja ya kusafiri mpaka Tabora kwa kuanzia. Kwenu Pemba kuna kambi ya Ali Khamis, Vitongoji, na Unguja kuna Brigedi ya Nyuki, Migombani. Nenda Vitongoji asubuhi, vaa vizuri, mchukue mwanao mkubwa. Getini sema: mimi ni mjane wa MT namba fulani, Koplo fulani, wa kikosi fulani, nataka kuonana na anayehusika na utumishi ili niwasiliane na kikosi chake. Askari hawapendi hadithi ndefu getini, lakini mjane wa mwenzao hawamwachi juani. Ukijua mstaafu wa jeshi hapo Wete, mwombe akusindikize. Wastaafu wana umoja wao, MUWAWATA, na njia hizi wamezipita wenyewe.

Kabla ya kwenda, bahasha irudi kwako. Hati ya ndoa ni yako, si ya ukoo. Cheti cha kifo kiangalie kimetolewa na nani: kwa kuwa alifia Dar es Salaam, kifo kinasajiliwa Bara na cheti ni cha RITA. Kama shemegi wako ana kibali cha mazishi tu cha hospitali akidhani ndicho cheti, basi safari yenu bado haijaanza. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vya huku vinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Linganisha majina herufi kwa herufi. Jeshini ameandikwa Khamis na cheti cha mtoto kinasema Hamisi, hapo utakwama miezi, na utahitaji kiapo mahakamani. Barua ya sheha nayo uwe nayo, haiachi kuombwa.

Kadi ya benki inanitia wasiwasi kuliko yote uliyoniandikia. Nani ana namba ya siri? Fedha za maiti hazichotwi kwa kadi na mtu yeyote, awe kaka, awe mke. Nenda benki na cheti cha kifo uwajulishe, akaunti ifungwe mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Hapo hapo uliza kama alikuwa na mkopo. Mikopo mingi ya watumishi hukatiwa bima, na mkopaji akifa bima ndiyo inayolipa, lakini sharti benki ijulishwe. Nimeona familia zikijibana kulipa deni ambalo lilikwishakuwa na wa kulilipa.

Tuje kwenye saini. Usitie.

Simtuhumu shemegi wako wizi. Huenda ni mtu mwema aliyechoka na boti. Lakini karatasi ya "mamlaka yote" iliyoandikwa nyumbani haina kazi Hazina wala jeshini, na kazi pekee inayoweza kufanya ni kukutoa wewe nje. Msimamizi wa mirathi hupatikana kwa utaratibu. Kwa sisi Waislamu wa Zanzibar ipo Mahakama ya Kadhi, na ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kugawa mirathi na kutunza mali za mayatima. Warithi wote wanakwenda, wanatajwa mmoja mmoja, na mnakubaliana nani asimamie. Anaweza akawa yeye shemegi. Lakini atasimamia huku akiandikwa, na akitakiwa kutoa hesabu.

Na kuna jambo ambalo nadhani hakuna aliyekwambia. Mume wako ameacha mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume humzuia ndugu. Shemegi wako katika mirathi hii hana fungu hata senti. Mama mkwe wako anayo haki kamili, sudusi, moja ya sita, kwa hiyo machozi yake usiyapuuze, ila mweleze kwamba sehemu yake haimhitaji mtu wa kuipigania. Nakupigia hesabu ya mfano, tuseme baba mkwe hayupo, na baada ya kulipa madeni na wasia kama upo, zimebaki 24,000,000. Thumuni, moja ya nane, ya wake ni 3,000,000. Mama 4,000,000. Zinabaki 17,000,000 za watoto, mwanamme mafungu mawili na msichana moja. Kijana wako 6,800,000, na kila binti 3,400,000.

Umeona nimehesabu mabinti wangapi? Watatu. Na ile thumuni ni ya wake wawili, 1,500,000 kila mmoja. Huyo wa Tabora ndoa yake ikithibiti ni mjane kama wewe, na hata ndoa ikiwa na mushkeli, ya mtoto yatazamwe na kadhi, si na baraza la wanaume wa Wete. Najua inauma. Umelia mume, kisha ukalia habari. Lakini mtazame kwa jicho la faida yako mwenyewe: yeye yuko karibu na kikosi, huenda wenzake wa marehemu wanamjua, na huenda jina lake ndilo aliloandikisha kambini kama mtu wa kupigiwa simu. Akijitokeza baada ya nyinyi kuapa kwamba mke ni mmoja, malipo yatasimama, na mlioapa mtakuwa na la kujibu. Mpigie simu wewe, kabla hajaambiwa na watu. Mwombe nakala ya cheti cha ndoa na cha mtoto. Si lazima mpendane.

Kuhusu jina la kupigiwa simu, tahadhari. Mtu aliyeandikwa na askari kuwa wa karibu yake si kwamba ndiye mrithi. Hilo watu wamegombana nalo sana, hasa pale alipoandikwa kaka kabla askari hajaoa.

Mshahara aliokuwa hajalipwa na fedha zilizoko benki ni mali ya marehemu, zinaingia kwenye mafungu kama nilivyokupigia. Pensheni ambayo sheria yenyewe imewataja mjane na watoto ni suala jengine, na maulamaa wa zama hizi wamelitofautisha na tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Muulize kadhi siku hiyo hiyo, tena mbele ya shemegi wako, asije akasema umeambiwa peke yako. Rambirambi uliyopewa mkononi nayo itaje, useme ilikuwaje, ili isije ikageuzwa kesi.

Fedha za Umoja wa Mataifa ziondoe akilini. Jirani yako labda anakumbuka shambulio la Semuliki, Kongo, la tarehe 7 Disemba 2017, ambapo askari wetu wa kulinda amani waliuawa. Wale waliuawa kazini chini ya bendera ile. Mumeo alirudi salama akafanya kazi Tabora. Kama daktari wa jeshi aliandika popote kwamba maradhi yale yalitokana na kazi, basi karatasi hiyo itafute, maana huko jeshini kifo cha kazini na kifo cha maradhi ya kawaida havipimwi sawa. Kama hakuna, usilitafutie.

Huyo wa laki tatu ni tapeli. Faili la mafao halina ada ya kusukumwa. Hata akikutajia namba ya MT, usishtuke, maana huenda kaipata kwenye nakala alizozisambaza shemegi wako Unguja. Mwambie unakuja Vitongoji kesho na unataka uongee naye kupitia kikosi. Hatapiga tena. Namba yake ipeleke polisi.

Kijana sasa. Nafasi ya baba hairithiwi jeshini. JKU ni kazi ya Zanzibar, nafasi zake hutangazwa na vijana huomba kupitia wilaya zao, na ni kweli kwamba vijana wengi wa visiwani walioingia JWTZ walipitia kwanza JKU kama wenzao wa Bara wanavyopitia JKT. Kupitia si kuajiriwa, wapo wanaomaliza wakarudi nyumbani. Angoje cheti chake cha fomu foo kitoke, aombe kwa jina lake, na mkiambiwa nafasi inauzwa msitoe. Ila asiende kabla hamjamaliza kwa kadhi. Ni mrithi mwenye fungu kubwa kuliko yeyote kati yenu, anatakiwa awepo siku ya kutajwa majina, na wewe unamhitaji Vitongoji wiki ijayo.

Bi Mkubwa